Mdomo wa Nne

"Basi chinja fahali wako!"

"Fahali wa marehemu baba? Mama Lankoi, una wazimu?"

"Ndama akifa, ng'ombe atamshushia nani maziwa? Au Lankoi utamnyonyesha wewe?"

Tangu nyasi ziishe, kila boma liliruhusiwa midomo mitatu tu malishoni. Ndama aliyezaliwa alfajiri alikuwa wa nne. Jua likizama midomo ikiwa bado minne, kola walizofungwa mifugo shingoni zingewakaba wote hadi kufa.

Saruni akasimama mbele ya fahali wake.

Naishorua, mama yake Lankoi, hakumbembeleza mumewe. Alitwaa kisu, akamchinja ndama, akamchuna. Majani makavu ya kujazia ngozi hayakuwepo tena nyika nzima, akaijaza nguo za Lankoi. Akamsogezea ng'ombe. Ng'ombe akanusa, akailamba ngozi ya mwanawe, akashusha maziwa.