Ndama wa Kwanza

Siku mabomu yalipoanza kuanguka Kisangani, Télesphore alikataa kupanda mtumbwi pamoja na mkewe. Mtumbwi haukuweza kubeba ng'ombe. Akajizungushia kamba ya ng'ombe wake mkononi, akashika njia ya msituni.

"Tangulia Yanonge," alimwambia Kavugho. "Mwenye atamutaka Madame, akate kwanza mukono yangu."

Madame ndiye ng'ombe pekee waliyekuwa naye: mweusi, pembe ndefu, tabia mbaya. Jioni hakukubali kuingia zizini kabla ya kupitisha kichwa mlango wa jikoni na kupewa maganda ya muhogo.

"Madame wako anakula mbele ya bibi yako!" Kavugho alizoea kulalamika, na Télesphore alicheka hadi machozi.

Mizinga iliponyamaza, Kavugho alirudi nyumbani. Télesphore hakurudi. Mvua zikaja, zikaenda, zikaja tena. Shemeji yake Isaïe akamletea kitambaa cheusi.

"Vaa, shemeji. Tumulilie sasa."

"Nimulilie juu ya nini? Nani aliona maiti?" Akakifungia sandukuni.

Kisha serikali ya wale walioshika mji ikatangaza mpango: kila aliyepoteza mifugo vitani atapewa ng'ombe. Kavugho alijiandikisha siku ile ile. Hakutaka Télesphore arudi akute zizi tupu.

Ng'ombe walishushwa bandarini wamekonda, pembe zimekatwa hadi kwenye shina, mapaja yamechomwa alama mpya.

"Bon, bamama, musikilize," alisema Papa Hubert, ofisa wa mpango. "Hizi ngombe zinatoka mbali, serikali ndiyo ililipa. Unakamata moja, inazala, mutoto wa kwanza unarudishia serikali. Donc, ni bure!"

"Bure gani yenye inazala deni?" akauliza Josée, jirani yake Kavugho, na wanawake wakaangua kicheko.

Kavugho alipewa aliyebaki mwisho. Upele ulikuwa umemla manyoya, mbavu zilihesabika.

"Huyu? Bwana yangu akirudi atanicheka."

"Utamunenepesha, mama. Twende nione zizi yako."

Walipofika, Kavugho aliachia kamba ili afungue zizi. Ng'ombe hakumngoja. Alilipita zizi, akazunguka nyumba, akaingiza kichwa mlango wa jikoni. Akasimama hapo, anasubiri.

Papa Hubert alicheka. "Mama, uko na bahati! Huyu amekwisha kuzoea watu."

Kavugho aliokota maganda ya muhogo, akamlisha mpaka yakaisha. Halafu akaingia chumbani, akafungua sanduku, akatoa kile kitambaa cheusi.

Ndama wa kwanza ni wa serikali.