Pini ya Fedha

Fundi Shekue alisaga kwa tupa kichwa cha pini ya kwanza ya mpini wa wembe, akaisukuma nje. Ilikuwa ya shaba, kama za nyembe zote za kukunja. Ya pili ilipodondoka mezani, aliweka tupa chini. Ilikuwa ya fedha.

"Binti, wembe huu umeutoa wapi?"

"Nimeuokota," alijibu msichana aliyeuleta ubadilishwe mpini.

"Usinidanganye! Pini hii niliikata mwenyewe kwenye hereni ya mama yangu. Kwetu, wembe wa kwanza wa kila mtoto wa kiume hufungwa hivyo. Huu ni wa mdogo wangu, Mbaruku. Mgodi ulimfukia, tukaweka matanga bila hata kuuona mwili!"

Msichana alianza kulia. "Baba alinikataza kusema. Alitaka kwanza ajue kama utaikumbuka."

"Baba yako nani?"

Alinyoosha kidole ng'ambo ya barabara, kwa kinyozi.

Shekue alijikuta mlangoni, pini ameifumbata. Kule ng'ambo, mwanamume mwenye povu usoni alikuwa ameshasimama, shuka la kinyozi lingali shingoni, haendi mbele wala harudi nyuma.