Matone Kumi ya Alfajiri

Neli alizuia pumzi mpaka tone la kumi lilipodondoka kwenye kikombe cha maji. Ndipo akampa mumewe.

Yakobo alikunywa, akakunja uso, akamtania kwamba hata mhunzi hapimi chuma hivyo.

Neli hakucheka. Dawa ya moyo si uji, kwamba umwongezee mtu kwa mapenzi. Daktari wa misheni, Mdachi, alimweleza kuwa moyo wa Yakobo umechoka kusukuma damu, ndiyo maana maji yanabaki miguuni na pumzi inakatika. Dawa inauamsha. "Kumi kwa siku, mama. Ishirini yatausimamisha."

Basi chupa akaificha kwenye chungu cha mbegu. Hata watoto hawakujua ilipo.

Dawa ikafanya kazi. Yakobo alikojoa mpaka uvimbe ukaisha. Wiki ya pili alitembea, na kila jioni akawa anakwenda kijiji cha Ikolo kutazama mpunga. Kanisani walimwambia Neli ndaga, asante, umetufufulia mzee.

Wiki ya nne akaanza kutapika. Akasema moto ni wa njano, na watu nao wa njano. Neli akaweka sikio kifuani pake. Moyo ulipiga mara moja, ukanyamaza muda mrefu, ukapiga tena.

"Ulihesabu vizuri?" mama mkwe akauliza.

"Kumi, mama. Kumi tu."

Akakimbia misheni na chupa. Daktari akaiinua kwenye mwanga, akaona dawa bado nyingi. Akasema afadhali hii haijavunjika kama ile ya kwanza, aliyoisema Yakobo. Neli hakuwa na habari ya chupa kuvunjika, ila hakukaa kuuliza. Aliomba kitu cha kuurudisha moyo. Daktari akainamisha kichwa. Hana. Waache dawa, wangoje.

Wakangoja siku tatu. Mara moja Yakobo alifungua kinywa aseme jambo, akamwona mchungaji ameketi miguuni pake, akakifunga.

Siku ya mazishi alikuja mwanamke kutoka Ikolo, Anyitike, yule mke mdogo ambaye Yakobo aliambiwa amwache ndipo abatizwe. Alipiga magoti mbele ya Neli, akafumbua kiganja. Ndani mlikuwa na chupa nyingine ya daktari.

"Usidhani sikumtunza, mwenzangu," alisema. "Kila jioni nilimpa kumi. Sikuzidisha hata tone."