Tani Tatu na Nusu

Reinhold aliweka sidiria tatu za mkewe kwenye mizani ya jikoni, akakunja uso.

"Moja inatosha," alisema. "Unafua jioni, asubuhi unavaa."

Gudrun alikuwa ameinamia ramani ya milima ya Alpi iliyofunika meza nzima. Hakuinua kichwa. "Ukimaliza, uifute hiyo mizani. Napimia unga wa keki."

Wiki nzima walikuwa wakipanga safari namna hiyo, mmoja akipunguza vitu, mwingine akimeza maneno. Gari lao la kulala, lenye kitanda na jiko ndani, lilinunuliwa kwa urithi wa mama yake Gudrun. Gudrun leseni anayo, tena ya siku nyingi, lakini usukani ule hakuwa ameugusa hata siku moja. Ulikuwa wa Reinhold.

Kiangazi kilichopita polisi wa Austria waliwasimamisha mara tu walipovuka mpaka, wakalipandisha gari kwenye mizani. Mwisho ni tani tatu na nusu, watu wakiwemo. Walikuwa wamezidi. Wakashushiwa mizigo kando ya barabara, mpaka sufuria na chupi, huku Waholanzi waliokuwa na magari kama lao wakipita polepole na kuchungulia. Safari ikaishia pale pale. Reinhold aliona aibu ile mpaka kwenye mifupa, akaapa kwamba mwaka huu atafika juu kabisa ya Stelvio, ile barabara ya mlimani yenye kona nyingi, liwalo na liwe. Na kwa kuwa lazima apatikane wa kulaumiwa, alimlaumu mkewe.

"Kiti changu cha kukunja kiko wapi?" Gudrun aliuliza.

"Nimekirudisha stoo. Utakaa kwenye ngazi ya mlango."

"Na sanduku lako la spana? Na kreti la bia? Na hilo dishi la televisheni?"

"Hivyo ni vya safari."

"Na mimi ni wa nini?"

"Wewe ni mzigo." Reinhold alicheka peke yake. "Tena ungepunguza keki kidogo, tusingehangaika na sidiria hapa."

Gudrun alimtazama tumbo, taratibu, kutoka juu hadi chini. "Wewe je, umejipima?"

"Dereva hapimwi. Dereva ni sehemu ya injini."

Akavuta ramani kwake. Kwenye mji wa Merano alikuta duara dogo la penseli. Alijua ni la nini: mabwawa ya maji moto ambako Gudrun aliwahi kwenda na mama yake. Akachukua kifutio, akalisugua duara mpaka karatasi ikaota vinyweleo.

"Tunakwenda kupanda milima," alisema, "hatuendi kuoga."

Gudrun aliyapuliza mabaki ya kifutio yakaanguka sakafuni. Kisha akauliza kama mtu anayeuliza bei ya nyanya, "Kule Stelvio, zile kona za kushuka, mtu anatia gia gani?"

"Ya pili. Ukikanyaga breki muda wote zinaungua, unakwenda na maji." Akamkazia macho. "Inakuhusu nini wewe? Kazi yako ni kusoma ramani, na hata hiyo inakushinda."

Asubuhi ya kuondoka, Reinhold alipopanda, magoti yake yaligonga usukani.

"Nani amesogeza kiti changu?"

"Nilikuwa nafagia," alisema Gudrun.

Akakirudisha nyuma kwa hasira. Akafungua kabati atafute kahawa, akakuta kikombe kimoja tu. "Kikombe kimoja! Unaziona akili zako?"

"Si ulisema tupunguze?"

Reinhold alifunga kabati. Alihisi kwamba walau sasa somo limemwingia mkewe, akakaribia kumsifu.

Kabla ya kushika njia ya kusini walipitia ghala la nafaka pale kijijini, penye mizani kubwa ya kupimia matrekta. Msimamizi, kijana mmoja aitwaye Kolb, alitoa kichwa dirishani.

"Kila anayesafiri lazima awe ndani, mzee! Vinginevyo namba ni ya uongo!"

"Nilijua hayo kabla hujazaliwa!" Reinhold alifoka, akalipandisha gari kwenye mizani, akazima injini.

Kolb alitazama namba zake. "Mmezidi kilo themanini!"

Reinhold aliiva uso kama nyanya. Aliwaona tena wale Waholanzi. Akamgeukia mkewe, mate yakimruka.

"Umeficha nini? Vitabu, siyo? Sasa hivi nataka kila kitu chako kiwe chini, mpaka mswaki!"

Gudrun aliangalia mbele, mikono mapajani. "Nenda kwanza uhakikishe. Huenda kijana kasoma vibaya."

Kwa kweli Reinhold hakuwahi kuamini macho ya mtu mwingine. Aliruka chini, akaubamiza mlango, akatembea mpaka dirishani na kuinamia kioo cha namba.

"Mbona sasa mko sawa?" alisema Kolb. "Mko chini ya tani tatu na nusu. Kama kilo kumi na tano hivi."

"Sawa wapi, mjinga wewe! Si mimi nimeshuka?"

Nyuma yake injini iliwaka. Reinhold aligeuka. Gudrun alikuwa amehamia kwenye kiti cha dereva, akikivuta mbele mpaka miguu yake ikazifikia pedali.

"Gudrun, zima!" alipiga kelele akikimbia. "Hiyo haihesabiki! Kila anayesafiri lazima awe ndani!"

"Yumo," alisema Gudrun, akatia gia.