Mablanketi ya Mama Sekela

Jioni ile baridi ilishuka mapema, na mji mzima ukatoka na magunia. Ndivyo walivyozoea: umande ukitaka kuganda, kila mtu anafunika bustani yake, kisha anafunika ya jirani asiyekuwepo. Kwa hiyo Atupele, mtaalamu wa mbegu, aliporudi kutoka kisimani alikuta miche yake ya mbono, ile aliyotaka itoe mafuta ya kuendeshea mashine hata penye ukame na baridi kali, imelala yote chini ya mablanketi.

"Shikamoo mama. Kuna msiba humu?"

"Marahaba. Msiba gani, nimekuokolea shamba!" alisema Mama Sekela, jirani yake. "Na hilo blanketi la maua ni la harusi yangu, usilitie tope."

"Mama, hii lazima ipigwe na baridi. Itakayobaki hai ndiyo nitakayochukua mbegu."

"Umeilea mbono hii miaka yote, leo unaitupa nje? Na ikifa yote?"

"Basi nitakuja kwako unifundishe kukaanga maandazi."

Atupele alicheka, lakini mikono haikucheka. Alifunua mche mmoja, akazunguka, akarudi akaufunika, akaufunua tena. Mama Sekela alimtazama akihangaika kama kuku anayetaka kutaga.

"Haya, shika huko, nami nishike huku."

Wakakunja mablanketi hadi la mwisho. Shamba likabaki wazi. Jani la karibu lilikuwa limeanza kujikunja pembeni, na Atupele hakujua kama linakufa au linajikinga.