Mkasi wa Kukatia Utepe

Tangu mwaka juzi fidla zote kumi za shule hazikuwa na nyuzi. Siku ya mgeni rasmi wanafunzi waliagizwa wasogeze mikono tu, muziki utoke kwenye spika.

Lakini Mwanaidi alikuwa amefunga kwenye fidla yake uzi mmoja wa chuma aliouchomoa kwenye breki ya baiskeli. Sauti yake ikakwaruza juu ya muziki.

Mwalimu mkuu alimwinamia akitabasamu, mkononi ana mkasi wa kukatia utepe.

"Nimejifunza mwenyewe, mwalimu," Mwanaidi alinong'ona.

"Wewe sogeza mkono tu, mwanangu."

Akaukata ule uzi. Ukaruka, ukamchana Mwanaidi shavu. Mkono wake uliendelea kwenda na kurudi.

"Yule anayelia," mgeni rasmi alisema akipiga makofi, "muziki umemwingia kweli."