Gari Getini kwa Bi Saumu

Mtaani kwetu, gari likiegeshwa vibaya, anayeadhibiwa si mwenye gari. Nyumba iliyo mbele yake ndiyo inayofungiwa maji, kutwa nzima.

Leo ni arobaini ya marehemu mume wa Bi Saumu. Wali haujapikwa na watu wanataka kutawadha, lakini bomba limekauka tangu asubuhi. Gari lililoziba geti lake ni la jirani, mwenyekiti wa kamati ya maegesho. Getini kwake mwenyewe haegeshi hata siku moja.

Nilimsindikiza Bi Saumu hadi kwenye nguzo ya malalamiko, ile mashine ya kamati inayoongea.

"Mwanangu, gari si langu," aliiambia nguzo kwa upole. "Na leo nina shughuli."

"Pole, mama," nguzo ilijibu. "Lalamiko lako la kumi na tisa limepokelewa. Limepelekwa kwa mwenyekiti."

Tuliporudi tulimkuta mwenyekiti mlangoni, kanzu imenyooka kwa pasi, madumu mawili ya maji yapo miguuni pake.

"Nimesikia hamna maji," alisema.

Bi Saumu aliyapokea kwa mikono miwili, akamshukuru mbele ya watu wote.